Jina Lililoachwa Ukunguni

Hadithi hii imenifikia baada ya kupita katika mikono mingi, na kila mkono uliharibu jina moja. Nimeyarudisha majina mahali pake kadiri nilivyoweza. Anayetaka kumpelekea mwenzake na ampelekee, ila majina asiyaguse. Sababu ataiona mwenyewe.

Palikuwa na nchi ya vilima iliyoitwa Shingwe. Wengine husema Shengwe; si sahihi. Mji wake ulikaa mgongoni mwa kilima kirefu, na chini yake palikuwa na bonde ambalo hakuna aliyewahi kuuona mwisho wake, kwa kuwa ukungu ulilijaza mwaka mzima kama maziwa ndani ya kibuyu. Asubuhi ukungu ulipanda hadi vizingitini. Ng'ombe walionekana vichwa tu, na watu waliopishana njiani walisalimiana kwanza, kisha ndipo wakaonana.

Watu wa Shingwe walisema wafu wao wamekaa humo ukunguni, wameipa mgongo nchi ya walio hai, wanangoja kuitwa. Basi kila mwaka, ulezi ukishavunwa, watu wote walisimama ukingoni mwa bonde. Kila mmoja aliita jina la baba yake, kisha la babu yake, kadiri alivyojaliwa kuwajua. Jina likiitwa, wote waliotoka kwa mtu huyo waliitikia kwa neno moja: "Yupo." Hapo yule aliyeitwa hugeuka na kumtazama mwanawe. Ndivyo walivyosema.

Mila hiyo ilikuwa na sheria zake. Walioitikia jina moja hawakutwishana mzigo. Ndugu aliweza kumsaidia ndugu, lakini si kumwamuru abebe. Tena, mke aliyefiwa na mume, naye akawa karibu kufa, ilimpasa kumsikia mtoto wake akimwita baba yake pale ukingoni. Asipomsikia, atashuka ukunguni na kukuta migongo mitupu, asijue upi ni wa mumewe.

Watawala wa Shingwe walikuwa watu wa Nyumba ya Juu, na mtemi wao wa mwisho aliitwa Kasele. Watumishi wao walikuwa watu wa Nyumba ya Chini. Hawa hawakuruhusiwa kuita wala kuitikia. Hata majina hawakuachiwa; mtumishi aliitwa kwa mzigo wake. Aliyebeba mwavuli wa Mtemi aliitwa Mwavuli. Aliyebeba maji aliitwa Mtungi. Na mtu aliyembebea Kasele kigoda chake cha enzi kokote alikokwenda aliitwa Kigoda. Siku ya kuita, watumishi walisimama nyuma ya mabwana zao na mizigo yao vichwani, kimya.

Kigoda alikuwa na mke aliyeitwa Nyamizi na mtoto mmoja wa kiume. Mtoto huyo aliitwa Kizibo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuziba mitungi ya pombe ya Mtemi. Mlishike jina hilo, maana litapotea sasa hivi.

Kasele alipokufa, wanawe walikigombania kigoda mpaka wakamalizana. Kisha asubuhi moja ukungu uliposhuka, watu waliona kwamba watumishi waliokuwa wakishika funguo mlangoni wamekaa ndani, na mabwana waliokuwa wakikaa ndani wako nje. Hakuna aliyepiga yowe. Ilikuwa kama mtu anapojigeuza usingizini. Kizibo, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye akili na moyo mgumu, alikalishwa juu ya kigoda kile kile ambacho marehemu baba yake alikibeba maisha yake yote. Sitasema kwamba haikuwa haki.

Shida ilianza siku ya kuita. Mtemi mpya alisimama ukingoni, nchi nzima ikimngoja. Jina la baba yake lilimpanda hadi ncha ya ulimi. Lakini mbele yake waliketi watu wa Nyumba ya Juu, na akawaona wakiinamisha vichwa ili kuficha tabasamu, maana walijua ni jina gani litakalotoka. Akalimeza. Akakohoa, akasema ukungu umemwingia kifuani.

Alasiri alimwita Kabuta, manju wa mji, mtunzi wa nyimbo za utawala. Kabuta alimwimbia Kasele kwa sauti tamu, na sasa alimwimbia mtemi mpya kwa sauti ile ile. Mtemi akamweleza aibu iliyompata.

Kabuta akasema, "Jina ni kama shuka iliyoanikwa, Mtemi. Mvua ikija, aliye karibu na kamba ndiye huianua. Akishaianua, nani atamzuia kujifunika?"

"Na wenye shuka yao?"

"Wape ya kwako. Wasije wakatembea uchi, tukasemwa vibaya."

Basi Kabuta akatunga wimbo mrefu wenye sauti nzuri. Kwa wimbo huo, watu wa Nyumba ya Chini walikuwa watawala tangu kilima kikiwa bado tope. Watu wa Nyumba ya Juu walitoka mbali na mizigo vichwani, wakahurumiwa na kupewa mahali pa kulala. Kizibo akawa Itweka, mwana wa Kasele. Na waliobaki wa ukoo wa kweli wa Kasele wakaamriwa waite majina ya Kigoda, Mtungi na Mwavuli kama baba zao. Aliyekosea alinyang'anywa shamba. Na kwa kuwa wimbo ulisema wazee wao walikuwa wabeba mizigo, wao nao wakatakiwa wabebe.

Katika watoto wa Kasele alikuwa amebaki binti mmoja, Kalunde, na mgongoni alikuwa amembeba mjukuu yatima aliyeitwa Wande. Zamu yake ilipofika, Kalunde alisimama ukingoni muda mrefu. Mtoto akajinyoosha mgongoni. Kalunde akaita, "Kigoda."

Watu wa Nyumba ya Chini walicheka hadi wakashikana mabega. Mwaka uliofuata walicheka wachache. Baadaye hakucheka mtu. Waliokumbuka walizeeka, wakashuka ukunguni mmoja mmoja, na waliozaliwa waliukuta wimbo kilimani kama walivyoyakuta mawe.

Wande alikua, akawa binti mrefu mwenye shingo imara, na kwa sababu hiyo akachaguliwa kumbebea Itweka kigoda. Hakuona vibaya. Alijua ndiyo kazi ya ukoo wake. Jioni alimwuliza bibi yake habari za huyo Kigoda waliyekuwa wakimwita.

Kalunde hakuweza kumwambia mjukuu wake kwamba Kigoda si wao. Lakini aliweza kumwambia Kigoda alikuwa mtu gani. Alimweleza kwamba alitembea kwa kingo za nyayo, kama mtu anayeogopa kuiamsha ardhi. Alimweleza kwamba alikibembeleza kigoda kwa kukiimbia, kana kwamba ni mtoto. Alimweleza kwamba siku moja mto ulifurika, naye akakitua kigoda cha Mtemi majini ili ambebe mtoto wa kike wa bwana wake na kumvusha. Mtoto akapona, kigoda kikalowa, na kwa ajili ya kigoda akachapwa mpaka akashindwa kusimama.

"Mtoto huyo alikuwa nani, Bibi?"

"Mtoto fulani tu," Kalunde akasema, akageukia moto.

Hivyo Wande akampenda Kigoda. Siku ya kuita sauti yake ilikwenda mbali kuliko za wote, na vijana wa ukoo wake wakaitikia pamoja naye kwa furaha. Juu yao Itweka aliita "Kasele," akajiitikia "Yupo" kama mtu anayejibu kwa niaba ya asiyekuwapo. Miaka mingine alihisi kwamba huko chini mtu fulani amegeuka, lakini hakugeukia upande wake.

Mama yake, Nyamizi, alikuwa bado hai. Wimbo wa Kabuta hakuuimba hata siku moja. Alisema meno yanamwuma. Meno yote yalipomtoka, alisema ufizi. Mwaka mmoja, ulezi ukiwa bado mashambani, aliugua na kujua kwamba hatainuka. Akamwita mwanawe.

"Mwanangu, mwaka huu mwite baba yako."

"Namwita kila mwaka, Mama."

"Unamwita mtu aliyempiga baba yako."

Itweka akageuka kuutazama mlango kama umefungwa. Kisha akasema kwamba anaweza kumwita humu chumbani, taratibu, sikioni mwake. Nyamizi akamjibu kwamba aliye ukunguni hasikii mnong'ono. Itweka akamkumbusha kwamba Wande humwita kila mwaka, na sauti yake ni nzuri.

"Namshukuru yule binti," Nyamizi akasema. "Baba yako akimsikia hugeuka haraka. Anatafuta uso wako, anaona mtoto wa watu, anarudisha mgongo. Kila mwaka namwota hivyo. Nimechoka kumwona akigeuka, Kizibo."

Jina hilo lilikuwa halijatajwa katika nyumba ile tangu alipotawazwa.

Itweka alimpelekea Kabuta jambo hili. Kabuta alifikiri kidogo tu, maana alikuwa hodari, akasema wimbo unaweza kuongezwa kipande: kwamba Kasele, alipokuwa mdogo, alipenda mno kukaa juu ya kigoda, hata wenzake wakamtania kwa jina hilo. Mtemi ataita Kigoda, watu wataelewa ni Kasele, na mama naye ataridhika. Itweka akakipenda kipande hicho. Akarudi mbio kumweleza mama yake.

Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mimi sikuolewa na Kasele," akasema, akafumba macho.

Sasa Itweka alijua kilicho mbele yake. Akimwita baba yake, wimbo wote ulioshikilia utawala wake utafumuka. Asipomwita, mama yake atatangatanga katikati ya migongo milele. Na waliojua ukweli walibaki wachache mno: mama yake, ambaye alikuwa anaondoka, Kabuta, aliyekula kwa wimbo, na Kalunde.

Akaenda kwa Kalunde peke yake, kwa miguu. Alimkuta uani akipepeta ulezi, makapi yakiruka na kuyeyuka ukunguni.

"Karibu, Mtemi," Kalunde akasema bila kuinuka. "Leo hukubebewa cha kukalia? Basi utakaa chini kama sisi."

Itweka akakaa chini. Akamweleza habari za mama yake. Kalunde akaacha kupepeta.

"Nyamizi amefika hapo?"

"Amefika. Sasa sikiliza, Kalunde. Siku hiyo ubaki nyumbani. Nikiliita jina lile, vijana watadhani ninauheshimu ukoo wenu. Lakini wewe ukiwapo, nitauona uso wako, na sauti haitatoka."

"Uso wangu utakufanya nini, mtu mzima wewe?"

"Utacheka. Ni haki yako. Nilikuchukulia baba yako, nikakupa wangu kama mtu anayempa mwenzake nguo chakavu. Kwa nini usicheke?"

Kalunde akautazama ungo wake. "Ulipokuwa ukiziba mitungi," akasema, "sikukuita hata kwa hilo jina la Kizibo. Nilikupigia kidole, hivi." Akapiga kidole mara moja, kikatoa sauti kavu. "Nalikumbuka hilo, na sifurahi nikilikumbuka." Kisha akauinua tena ungo. "Sheria yako inasema kila mtu wa nyumba yangu awepo ukingoni. Nitakuwapo."

Itweka akaondoka, asijue kama ametishwa au amefarijiwa.

Siku ya kuita ilifika. Ukungu ulikuwa mzito na mweupe, umelala sawasawa na ukingo, hata mtu angedhani anaweza kuutembea. Nyamizi aliletwa juu ya kitanda cha kamba, akawekwa mbele, uso wake ukielekea bondeni. Vidole vyake vilikuwa vikipapasa blanketi kama vya mtu anayetafuta kitu gizani. Wande alikitua kigoda mahali pake na kurudi nyuma kwa wenzake. Kalunde alisimama pale ambapo asingeweza kukosa kuonekana.

Kabuta akapaza wimbo. Ulipofika mahali pa mtemi kuita, akanyamaza.

Itweka alisimama. Aliutazama uso wa Kalunde. Haukuwa na kitu. Akautazama ukungu. Akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtemi, bali ya mtoto anayemwita mtu aliyetangulia mno njiani.

"Kigoda!"

Watu wa Nyumba ya Chini wakatazamana. Kabuta akapauka. Wala hakuna aliyejua la kufanya, isipokuwa wale waliofundishwa. Kutoka nyuma Wande akaitikia, kama alivyoitikia tangu utotoni:

"Yupo!"

Na vijana wote wa Nyumba ya Juu, wajukuu na vitukuu wa Kasele, wakaitikia kwa moyo mweupe: "Yupo!"

Kabuta aliruka mbele, akaanza kueleza kwamba Mtemi kwa wema wake amependa kuwaheshimu watumishi. Itweka akamshika mkono, akamsogeza kando bila ukali.

"Ni baba yangu," akasema. "Alibeba kigoda hiki. Mimi nilikuwa Kizibo. Kigoda, baba yangu, mimi hapa."

Juu ya kitanda cha kamba vidole vya Nyamizi viliacha kupapasa. Aliinua mkono kidogo, akaonyesha mahali fulani ukunguni ambapo wengine hawakuona kitu.

"Yule pale," akasema, kama mtu aliyempata mwenzake sokoni. Mkono ukashuka. Alikuwa ameondoka.

Watu wakainamisha vichwa. Walipoviinua, Kalunde alikuwa amefika ukingoni. Itweka akajua kwamba saa yake imewadia, na hakujitetea. Lakini Kalunde hakumtazama. Alilitazama bonde, akaita jina ambalo lilikuwa limekatazwa kinywani mwake tangu Wande akiwa mgongoni.

"Kasele!"

Macho yote yakamgeukia Itweka, maana jina hilo siku zote aliliitikia yeye. Midomo yake ikafunguka yenyewe kwa mazoea. Kisha akaifunga. Kimya kikadumu hadi ukungu ukawapanda magotini, naye hakuitikia.

Kalunde akaitikia peke yake: "Yupo."

Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lakini wote walisikia: "Baba, sasa umegeuka, nikwambie mbele ya watu. Yule mtoto aliyevushwa mto ni mimi. Na mtu uliyemchapa kwa ajili ya mti uliolowa maji ndiye aliyenivusha. Hata jina lake hukumwuliza. Kaa huko ukijua kwamba tunajua."

Wande alikuwa amesogea, machozi yakimlengalenga. "Bibi, basi Kigoda si babu yetu?"

"Mwulize mwenye baba," Kalunde akasema.

Wande akamtazama Itweka. Huyo mzee akamsogelea.

"Mlimwita nilipokuwa nimenyamaza," akamwambia. "Mkiacha sasa, atadhani nimewafukuza."

Watu walipoanza kurudi mjini, Wande aliinama kukichukua kigoda, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Itweka akamzuia.

"Acha, mwanangu. Tumeitikia jina moja."

Akakiinua mwenyewe, akajitwika. Shingo ilikuwa imesahau. Kigoda kikayumba na kuinamia upande. Kalunde, aliyekuwa nyuma yake, akanyoosha mkono na kukituliza kwa kidole kimoja, kile alichokuwa akimpigia zamani.

"Twende taratibu, dada," Itweka akasema.

"Wewe ndiye uliye mbele, kaka."

Wande aliwatazama wakipanda mpaka ukungu ukawameza hadi viunoni, kisha hadi mabegani, kikabaki kigoda tu kikielea juu ya weupe ule. Kabla hawajapotea kabisa, aliiona miguu ya yule mzee pale ukungu ulipopasuka. Alikuwa akitembea kwa kingo za nyayo, kama mtu anayeogopa kuiamsha ardhi.

Funzo: Ukiigeuza historia ili umtawale aliyekutawala, wa kwanza kupotea ndani yake ni yule aliyekuzaa.